Kuanzia Siku Aliyokamatwa

8 Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe, nimekaa kimya siku arobaini na mbili. Karatasi nilikuwa nayo, kalamu pia. Kila nikianza naona maneno yanageuka kuwa ugomvi, nachana. Mama hagombezwi kwa barua, hata kwa mdomo ni shida. Basi leo nimejituliza, naandika.

Hujambo lakini? Magoti bado yanakusumbua ukipiga deki pale zahanati? Na Mkaguzi wangu je? Kesho anatimiza miaka mitano. Mwambie chochote kizuri, sema kimetoka kwangu. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeondoka, uchovu ndio umegoma. Tunashona mashuka ya hospitali tangu asubuhi, na hii cherehani niliyopewa ina roho mbaya, ikikata uzi inakata mara kumi mfululizo.

Sasa nikueleze ya mahakamani, maana najua yaliyokufikia ni nusu.

Ombi langu lilikuwa dogo, Mama. Sikusema sina hatia. Mlango wa ghala niliufungua mimi, funguo alinikabidhi tajiri kwa kuniamini, na yule mwanamume akatoka na mzigo, akaniachia mimba na kesi. Nilikiri siku ya kwanza. Nilichoomba safari hii ni jaji aliite gereza liseme kwa nini bado linanishikilia. Hakimu aliyenihukumu aliandika "miaka mitano, kuanzia siku aliyokamatwa". Nilikamatwa tarehe kumi na mbili Machi. Kwa hiyo kifungo kiliisha Machi hii iliyopita. Gereza lenyewe linahesabu kuanzia siku ya hukumu ya mwaka uliofuata, kana kwamba ndipo nilipokamatwa, miezi kumi na sita mbele, mpaka Julai ya mwakani. Hakimu hakuitaja siku yenyewe. Jalada la kesi halionekani, na daftari la mahabusu la mwaka ule lilinyeshewa paa lilipovuja, kurasa zimegandana, ukibandua moja unachana tatu.

Ndiyo maana nilikuomba uipeleke mahakamani kadi ya kliniki ya mtoto. Nilimzaa mahabusu. Nesi wa kule aliijaza mbele yangu: mahali pa kuzaliwa, Mahabusu ya Wanawake, na muhuri juu yake. Mtu aliyezaa mahabusu hawezi kuwa alikamatwa mwaka uliofuata. Hesabu hiyo haihitaji chuo.

Sasa wakili wa serikali akasimama, akainua kadi juu. "Mheshimiwa, mwombaji mwenyewe ametuletea ushahidi kwamba siku hiyo alijifungulia zahanati, akiwa mtu huru." Nikaitazama. Nyeupe. Mama, ya kwangu ilikuwa ya kijani, na kona moja aliitafuna mtoto alipokuwa anaota meno. Nilitaka kupiga kelele, afande akanibana mkono. Jaji akasema ombi limekataliwa, akaita kesi nyingine.

Wakili wa Jumatano, ndivyo tunavyomwita kwa sababu siku hiyo ndiyo huja kuwasaidia wasio na mawakili, ameshapeleka taarifa kwamba nakata rufaa. Nyaraka zote lazima ziingie kabla Septemba haijaisha. Anaitaka ile kadi ya kijani.

Hii nyeupe imetoka wapi, Mama? Sikugombezi. Nauliza.

Mwanao

*

30 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na zaidi ya marahaba. Barua yako imefika imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi utadhani wanaziba pancha. Nimeisoma nimekaa, nikaisoma nimesimama.

Sisi wazima. Magoti ni yale yale, tumeshazoeana, yakinyamaza ndipo naingiwa na wasiwasi. Bwana wa duka la kona anakusalimu. Mvua ya wiki iliyopita ilituingilia jikoni, tukapandisha unga juu ya kabati, ukanusurika.

Mkaguzi wako hana dogo. Juzi fundi viatu alimuuliza, "We mtoto, mama yako yuko wapi siku zote?" Akamjibu, "Anafanya kazi mbali. Na wewe unafanya kazi hapa hapa, mbona viatu vyako vimetoboka?" Mtaa mzima ulicheka, fundi mwenyewe alibaki kukohoa. Siku yake ya kuzaliwa nilimnunulia kitabu cha kuchora, nikasema kimetoka kwako. Akauliza kama huko uliko kuna maduka. Nikasema yapo.

Kuhusu kadi, mwanangu, kadi ni kadi tu. Makaratasi ya zahanati huchanganyika, leo ya kijani kesho nyeupe. Usiiweke sana moyoni. Mungu aliyekufikisha hapo hatashindwa kukumalizia.

Nimemkabidhi dada wa kanisani sabuni na dawa ya meno, atakuja Jumapili. Kula vizuri. Usibishane na maafande.

Mama yako

*

6 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sabuni imefika, ahsante. Ya fundi viatu nimeisoma kwa sauti chumba kizima, tumecheka mpaka afande akatugongea mlango.

Lakini barua yako ina kila kitu isipokuwa nilichouliza. Unga umenieleza, mvua umenieleza. Nakujua. Ulipokuwa hutaki kunijibu nilipokuwa mdogo ulikuwa unanitengeneza nywele kwa nguvu. Ndivyo ulivyoniandikia.

Kadi ya kijani iko wapi? Kama ipo, itume. Kama haipo, niambie imekwenda wapi. Nimebakiwa na wiki saba.

Mwanao

*

28 Agosti

Mwanangu,

Nimepokea. Leo sina salamu ndefu. Tuko hai.

Najua barua hizi zinasomwa kabla hazijakufikia. Na hii isomwe.

Mwaka jana, mtoto alipoanza chekechea, mwalimu aliniita. Akaniambia, "Bibi, nikiita majina asubuhi wenzake wanasema nipo. Mjukuu wako anachuchumaa, anaweka mikono kichwani, anatazama sakafu. Nikitikisa funguo za kabati anakwenda kusimama ukutani. Amelelewa wapi huyu?" Nikasema ni mchezo tu. Akanikazia macho. "Mchezo gani huo, bibi, mtoto hata hacheki?"

Unajua ni kwa nini. Alikaa na wewe humo miaka mitatu, akihesabiwa na nyinyi asubuhi na jioni. Jina la Mkaguzi si mlimpa wenyewe kwa kupita mbele ya mstari kama afande? Sasa hakumbuki kitu. Nimemuuliza kwa mafumbo, hakumbuki chumba, hakumbuki wafungwa wenzako aliowaita mashangazi. Magoti yake ndiyo yanayokumbuka.

Mwalimu akataka kadi ya kliniki kwa ajili ya kuandikisha. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nikasema nimeisahau. Nikawaza, akilisoma lile neno Mahabusu, kesho walimu wote wanalijua, kesho kutwa watoto wote. Ataitwa mtoto wa jela mpaka aote mvi.

Kule zahanati nesi mkubwa ni rafiki yangu wa miaka kumi na moja, chai tunakunywa kikombe kimoja. Nilimweleza. Akasema, "Kadi tupu zimejaa kabatini, nani anazihesabu?" Akaandika yeye mwenyewe: tarehe ile ile, uzito ule ule, chanjo zile zile. Mahali tu ndipo alipobadilisha, akaandika zahanati yetu. Ile ya kijani niliitia kwenye tanuri la kuchomea taka. Si unajua kulichochea ni kazi yangu, kila siku saa nane mchana. Nilisimama pale mpaka ikaisha, nisije nikarudi nyuma.

Uliponitaka niipeleke kadi mahakamani sikuwa na nyingine. Nikajiambia wanachotafuta ni tarehe, na tarehe ni ya kweli. Sikujua kama kuna mtu atasoma mstari wa chini yake.

Nilitaka kukueleza siku ile ile. Nikashindwa. Mwanangu, mimi ndiye niliyekurudisha ndani.

Mama yako

*

3 Septemba

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nauliza kwa dhati, si kwa kufuata desturi ya barua.

Barua yako niliisoma uani, nikarudi kwenye cherehani nikashona shuka zima bila uzi chini. Msimamizi akauliza, "Wewe unashona hewa?" Nikamwambia naam.

Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikachoka. Nilifikiri ningefanya nini mimi, mwalimu akinitazama hivyo na kadi iko mkobani. Sijui. Pengine ningeichoma hata kabla yako. Basi hilo tuliache hapo.

Lakini kuna jambo moja siliachi. Nimeongea na wakili wa Jumatano. Anasema mahakama ya rufaa inaweza kuombwa ipokee ushahidi mpya kama utaeleza kwa nini haukuwepo mwanzo. Barua yako haitoshi, haina kiapo. Inatakiwa hati ya kiapo yako wewe, na ikiwezekana ya nesi pia. Uende kwa kamishna wa viapo, useme yote: kadi ya kwanza ilikuwaje, iliandikwa nini, nani alikuandikia ya pili, ya kwanza iliishia wapi. Usiongeze, usipunguze. Ukipunguza, watauliza kilichobaki kimefichwa wapi.

Najua unaogopa. Umekiri kosa, kazi inaweza kupotea, na neno ulilolichoma litaandikwa tena, safari hii kwenye jalada la mahakama. Najua pia unampenda nesi. Mimi siku ya kwanza mahakamani nilitetemeka mpaka kizimba kikalia, lakini nilisema mlango niliufungua mimi. Uliyenifundisha kusema kweli ni wewe, kwa fimbo ya ufagio.

Nilimwacha mtoto ana miaka mitatu. Kila mwezi ninaokaa humu ni mwezi anaonisahau. Nakuomba kama mwanao, na nakwambia kama mama wa mtu: nenda.

Mwanao

*

27 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Nimekwenda.

Wakili wako alinielekeza kwa kamishna mmoja, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la vioo. Ngazi zile na magoti haya, nilipumzika mara tatu. Nilivaa gauni la kijivu. Kamishna ni kijana mdogo, miwani inamteleza puani. Akanisomea, akasema, "Mama, unaelewa kwamba hapa unakiri kosa?"

Nikasema naelewa.

"Unaelewa unaweza kushtakiwa? Hata kufungwa?"

"Basi watanipeleka aliko mwanangu, si ndiyo? Nitajua kama anakula."

Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Akanivutia kiti. Nikaapa, nikasaini, akapiga muhuri.

Sasa lililobaki nikwambie mwenyewe kabla hujalisikia kwa wakili. Jina la nesi sikulitaja. Nimesema "mtumishi mmoja wa zahanati". Wakili alinibembeleza, kisha akanifokea kidogo, kwa heshima. Nikakataa. Nilipokwenda kumwomba nesi naye aape, alinisimamisha mlangoni. "Miaka kumi na moja tunakula pamoja, leo unakuja kunitapika mahakamani?" Nikamwambia, "Dada, mwanangu anaozea ndani." Akasema, "Na wangu wanne watakula nini? Huyu wa mwisho bado yuko mgongoni." Akanifungia.

Wiki iliyofuata alinitangulia kwa mganga mkuu. Akasema kadi niliiba kabatini nikaenda kuandikiwa mtaani. Nimepewa barua ya kuondoka. Nimekabidhi ndoo mbili, ufagio na funguo za tanuri. Hakunitazama.

Utasema sasa ndio nilipaswa kumtaja. Wakili alisema hivyo hivyo. Mwanangu, siwezi. Kama si mimi kumlilia asingeishika ile kalamu. Hayo mengine aliyoyafanya ni ya woga, na woga naujua.

Yote mengine nimeapa kama ulivyotaka. Nyaraka zimeingia tarehe ishirini na sita. Mtoto hajambo. Nimepata kufua kwa watu, siku tatu kwa wiki.

Mama yako

*

19 Januari

Mama,

Shikamoo. Nina barua zako tatu, ya Oktoba, ya Novemba na ile uliyoandika baada ya mahakama. Sikujibu hata moja. Nisamehe tena, naona kukuomba radhi kumekuwa ndiyo salamu yangu. Nimekuwa nikifika jioni mikono imekufa ganzi, nalala kabla taa haijazimwa. Lakini si hilo tu. Nilikuwa sina la kukuambia ambalo lisingekuumiza, na nilikuwa nataka nikuumize kidogo. Sasa sitaki.

Unaendeleaje na kufua? Usilowe kifua, na maji ya moto uwaombe, ni haki yako. Mtoto ameanza darasa la kwanza kama ulivyosema? Anaelewana na mwalimu mpya?

Ya rufaa umeyasikia, lakini hukuwepo ndani, walikuzuia mlangoni. Wacha nikueleze ili usibaki na ya watu. Walikuwa majaji watatu. Wa katikati ndiye aliyesoma, mzee mpole, alisoma kama anayesomea mgonjwa. Alisema amesikia uchungu wa bibi huyu. Akasema lakini bibi anaapa leo kwamba aliidanganya mahakama jana, na anaiomba mahakama imwamini kwa neno lake peke yake. Aliyeandika kadi hatajwi. Kadi ya kwanza ni majivu. Zahanati inasema kadi iliibwa. "Nani anamuunga mkono?" aliuliza. Hapo nilijua. Rufaa ikatupwa, tarehe kumi na nane Desemba. Wakili wa Jumatano alilia kuliko mimi. Ameniambia juu yao hakuna mwingine wa kumwendea.

Kwa hiyo ni mpaka tarehe ishirini Julai. Siku ambazo nilishazimaliza nitazimaliza mara ya pili.

Nilikuambia usipunguze, ukapunguza. Nalisema mara moja, nisije nikalibeba kimya mpaka likaota mizizi. Nesi amebaki na kazi yake na watoto wake wanne, na mimi nina mmoja ambaye hanijui. Imeniuma na inaniuma. Usiniandikie kuniomba msamaha, umeshaniomba kwenye barua zote tatu, wino umefifia pale ulipolia, nimeona. Ulipanda ngazi zile. Ulikiri mbele ya mtu usiyemjua ukapoteza kazi ya miaka kumi na nne. Hayo pia nayahesabu, sihesabu upande mmoja.

Sasa sikiliza, na hili si ombi. Mtoto aambiwe. Nikitoka Julai sitaki kuingia kwako kama mgeni aliyetoka safari, na mfuko wa pipi mkononi, nianze kutunga habari za maduka ya huko. Uongo wa kwanza ulinichelewesha mwaka na miezi minne. Wa pili ataukuta yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na tano, na hapo hatatuamini hata tukimwambia leo ni Jumatatu. Mwambie wewe, kwa sababu wewe ndiye anayekuamini. Kaa naye chini, mchana, akiwa ameshiba. Mwambie mama yako alifungua mlango usio wake, akafungwa, na wewe ulizaliwa humo na ulipendwa humo, walikuwapo mashangazi kumi na tisa wakigombania kukubeba. Mwambie anarudi Julai. Kama atachuchumaa, chuchumaa naye. Kama ataondoka, mwache aondoke, usimkimbize.

Halafu mlete Jumapili ya mwisho wa mwezi. Wageni wanaingia kuanzia saa nne. Akikataa kuja, njoo peke yako, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Mimi mzima. Nakupenda, Mama, hata mdomo ukiwa umevimba.

Mwanao

Ninavyohitaji bado:

Sabuni ya kufulia, mche mmoja. Usiukate, wakiona vipande wanadhani umeficha kitu.

Pedi pakiti mbili, zisizofunguliwa.

Kandambili namba thelathini na nane, za plastiki tupu, zisiwe na chuma.

Stempu sita.

Kalamu ya bluu. Nyeusi hawaruhusu, sijui kwa nini, usiulize.

Vipimo vya mtoto. Msimamizi amekubali nimshonee gauni moja kwa vipande vinavyobaki. Bega kwa bega, kifua, kiuno, na kutoka begani mpaka chini ya goti. Mpime sasa, kisha mpime tena mwezi wa sita, kitambaa sitakikata kabla ya hapo.

Na alichosema ulipomwambia. Kiandike chote kama alivyokisema, hata kama ni kibaya.